Breketi sita kwenye ukuta wa tangi: uchambuzi wa kisa kimoja

Tangi la chuma la kuhifadhia maji ya kuzimia moto, lililokwisha kutumika kwa miaka kadhaa, lilihitaji bomba jipya la kujazia. Bomba lingepanda wima kando ya ukuta, livuke ukingo wa juu na kumwaga maji ndani kupitia tundu kwenye paa. Mchoro wa kwanza ulionyesha breketi sita, yaani mikono ya chuma ya kulishika bomba, zimechomelewa moja kwa moja kwenye ukuta. Ya chini kabisa ilikaa nusu mita juu ya sakafu, nyingine kwenye mita 2, 4, 6, 8 na 10. Zote zilikuwa na klampu za bolti zilizokazwa.

Ukiutazama mchoro huo haraka, hauna tatizo. Bomba ni la inchi 8, kipenyo cha nje milimita 219.1, unene milimita 8.18. Likiwa na maji lina uzito wa karibu kilo 75 kwa mita. Ukijumlisha sehemu ya wima, mkono wa juu na vifaa vyake unapata kama kN 11 (kilonewtoni; kN 1 ni sawa na uzito wa kilo 100 hivi). Gawa kwa sita, kila breketi inabeba chini ya kN 2. Mtu akiona namba hiyo husema ukuta wa chuma hauwezi kushindwa na mzigo mdogo kiasi hicho, kisha anaendelea na kazi nyingine. Nimeona hoja hii ikikubaliwa mara nyingi, na ndiyo sababu ya kukichambua kisa hiki kwa kina. Hesabu ya uzito ilikuwa sahihi kabisa. Kilichokosekana ni swali la kitakachosogea.

Kwanza tulifahamu tangi. Kipenyo ni mita 20, kimo cha maji mita 12, mikanda sita ya mabamba iliyopangwa mmoja juu ya mwingine, kila mmoja una kimo cha mita 2. Lilisanifiwa kwa API 650, kiwango cha Taasisi ya Petroli ya Marekani, ambacho kimeandikwa kwa ajili ya matangi ya mafuta lakini hutumika pia kwa maji. Chuma ni cha daraja la A36, ambacho kiwango hicho kinakiruhusu mkazo, yaani nguvu kwa eneo, wa MPa 160 katika usanifu (megapaskali; MPa 1 ni newtoni 1 kwa milimita ya mraba). Kwa kanuni ya kawaida ya unene, na milimita 1 ya akiba ya kutu, mkanda wa chini unadai milimita 8.2, na uliwekwa wa milimita 9. Wa pili unadai 6.9, ukawekwa wa 7. Wa tatu unadai 5.7, ukawekwa wa 6. Kuanzia hapo kwenda juu mikanda yote ni ya milimita 6, kwa kuwa kiwango hakiruhusu chini ya hapo kwa tangi la kipenyo hiki.

Milimita 6 za unene kwa nusu kipenyo cha mita 10. Uwiano wake ni 1,667 kwa moja. Hapo tangi linaachana kabisa na chombo cha msukumo, yaani chombo kinene cha kuhifadhi gesi au kimiminika chenye msukumo mkubwa. Wasanifu wengi wa mabomba wamezoea kupima breketi na midomo ya mabomba kwa Jarida namba 107 la Baraza la Utafiti wa Uchomeleaji la Marekani, WRC, lililotoka mwaka 1965. Ni kazi nzuri sana kwa vyombo vinene, lakini grafu zake nyingi kwa silinda hukoma kwenye uwiano wa karibu 300. Programu nyingi za kompyuta zitakubali kuingiziwa 1,667 na kutoa jibu, pengine na onyo dogo chini ya ukurasa. Jibu hilo halina msingi. Kwa ukuta mwembamba namna hii, mtu aunde modeli ya kompyuta inayougawa ukuta katika vipande vidogo, au apunguze mzigo wa breketi hadi kusiwe na haja ya kubishana juu ya mkazo. Mimi hupendelea njia ya pili kila inapowezekana, kwa sababu modeli nzuri ya mzigo uliokisiwa vibaya haisaidii mtu.

Sasa tuone ukuta unavyosogea. Tangi likijazwa, msukumo wa maji huutanua ukuta kuelekea nje. Kiasi cha kutanuka ni msukumo mara mraba wa nusu kipenyo, gawa kwa unene na ugumu wa chuma. Kwenye mita 4 juu ya sakafu kuna mita 8 za maji juu yake, yaani msukumo wa kPa 78.5 (kilopaskali; elfu moja ni MPa 1). Ukuta wa milimita 6 unapata mkazo wa mzingo, yaani unaouvuta kulizunguka tangi, wa MPa 131, na unatoka nje kwa milimita 6.5. Kwenye mita 8 unatoka milimita 3.3, na kwenye mita 10 milimita 1.6. Juu kabisa hausogei. Chini kabisa nako hausogei, kwa sababu sakafu ya tangi imeushika.

Sehemu inayostahili kutazamwa kwa makini ni ile iliyo kati ya sakafu na mwanzo wa kutanuka. Mtu angedhani ukuta unaongezeka polepole kutoka sifuri. Sivyo. Katika mkanda wa milimita 9, athari ya kushikwa na sakafu huisha ndani ya sentimita 70 hivi. Kwenye nusu mita, pale breketi ya kwanza ilipochorwa, ukuta umekwisha kutoka nje kwa takriban milimita 6. Kati ya sakafu na hapo, ukuta hauko wima tena. Umeinamia nje kwa nyuzi 1 hadi 1.5 mahali penye mteremko mkubwa. Breketi yenye mkono wa milimita 350 ikichomelewa mahali hapo, ncha yake hushuka karibu milimita 6 kila tangi linapojazwa, na kupanda tena linapomwagwa. Bomba lililokazwa kwenye ncha hiyo linasukumwa nje na kuvutwa chini kwa wakati mmoja, na huku kona yake ya chini imefungwa kwenye zege.

Nguvu inayozaliwa hapo haina uhusiano wowote na uzito. Bomba la inchi 8 ni boriti ngumu. Chukua breketi ya mita 2 peke yake, na bomba lililoshikwa imara chini. Ukuta ukitoka milimita 6, bomba linaurudishia kama kN 14. Hiyo ni mara saba ya uzito uliokadiriwa kwa breketi hiyo, na inausukuma ukuta kwa njia ambayo hesabu ya uzito haikuigusa kabisa. Ukiifanya hesabu hiyohiyo kwa breketi ya nusu mita, unapata zaidi ya kN 800. Namba hiyo haimaanishi kwamba nguvu hiyo itafika kweli. Inamaanisha kwamba kuna kitu kitakachokubali kupinda au kupasuka mapema sana, na katika mpangilio huu kitu hicho ni bamba la ukuta au weldi yake. Ukiipandisha breketi ya chini hadi mita 4, nguvu hushuka chini ya kN 2, kwa kuwa inapungua kwa mchemraba wa urefu. Urefu wa bomba usioshikwa ndio ulinzi wa bei nafuu kuliko wote, na mchoro wa kwanza uliutupa kwa kuongeza breketi.

Breketi nyingi hutazamwa kama usalama zaidi. Kwa rafu ya bomba iliyo kwenye zege huenda ni kweli. Kwenye ukuta unaotanuka, kila breketi ya ziada inafupisha nafasi ya bomba kupinda na kuongeza nguvu.

Halafu kuna joto. Bomba la kujazia huwa tupu muda mwingi, na jua hulipasha, huku ukuta ukipozwa na maji yaliyo nyuma yake. Tofauti ya nyuzi 35 kwa urefu wa mita 12 inalirefusha bomba milimita 5 kuliko ukuta. Bomba likikazwa juu na chini pasipo nafasi ya kuteleza, kikomo cha juu cha nguvu ni kN 455. Hapa tena ukuta ungekubali kabla ya bomba, lakini hakuna anayetaka kujua ungekubali kwa namna gani.

Jambo la tatu ndilo lililoonyesha udhaifu wa kugawa uzito kwa sita. Tangi hukaa kwenye udongo unaobonyea chini ya uzito wa maji, na bomba lilikuwa na msingi wake mdogo pembeni. Kubonyea kwa tangi kwa milimita 25 si jambo la ajabu. Likibonyea, breketi zinashuka na bomba linabaki limesimama juu ya msingi wake. Uzito unahama. Kinyume chake, msingi mdogo ukishuka wenyewe, bomba lote linaning'inia kwenye breketi iliyokazwa zaidi kuliko nyingine, na hakuna anayejua itakuwa ipi.

Tukadirie hali hiyo. kN 11 kwenye mkono wa milimita 350 ni momenti, yaani nguvu ya kuzungusha, ya karibu kNm 3.9. Breketi yenye kimo cha milimita 200 inaigeuza kuwa jozi ya nguvu za kN 19, moja inavuta ukuta na nyingine inausukuma. Kwa kadirio la haraka nilitumia kanuni ya mzigo wa mstari unaozunguka silinda nzima, ambapo momenti ya kupinda ni mzigo kwa milimita moja mara urefu maalumu wa ukuta (kipimo cha umbali ambao athari ya mzigo hufifia), gawa kwa nne. Kwa ukuta huu urefu huo maalumu ni milimita 190. Nguvu ya kN 19 ikitandazwa kwenye upana wa milimita 200, mkazo wa kupinda unazidi MPa 700. Chuma hiki huanza kupinda pasipo kurudi kwenye MPa 250. Na kanuni yenyewe inaupendelea ukuta, maana mzigo wa sehemu ndogo hausaidiwi na mzingo mzima. Namba hiyo si ya kuwekwa kwenye ripoti ya mwisho, lakini inatosha kabisa kukataa mchoro.

Kuna kasoro nyingine ambayo ingeonekana bila hesabu yoyote, kama mtu angeweka mchoro wa bomba juu ya mchoro wa mabamba. Mikanda ina kimo cha mita 2. Breketi zilipangwa kila mita 2. Tano kati ya sita zilikuwa zimekaa juu ya mishono ya mlalo, yaani weldi zinazounganisha mkanda na mkanda. API 650 inataka weldi ya kitu cha kudumu ikae angalau milimita 75 kutoka kwenye mishono ya mlalo na milimita 150 kutoka kwenye mishono ya wima, isipokuwa pale weldi inapovuka mshono kwa masharti maalumu. Aliyechora bomba alifuata mpangilio wa namba nzima, na aliyechora tangi miaka mingi kabla yake alifanya vilevile. Makosa ya aina hii hayatokani na uzembe. Yanatokea kwa sababu michoro ya bomba na michoro ya tangi hukaa katika mafaili tofauti, na mara nyingi kwa watu tofauti.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuuondolea ukuta uzito wote. Bomba lilikalishwa kwenye kiatu cha chuma juu ya msingi wake, chini ya kona, na msingi huo ukasanifiwa kubeba kN 11 pamoja na nguvu ya maji yanayokata kona. Nguvu hiyo ya maji ni ndogo kwa bomba lenye mdomo wazi. Kwa mwendo wa mita 2.5 kwa sekunde, kila upande wa kona unapata karibu kN 0.2. Ukuta ulibakiziwa kazi moja tu, ya kulizuia bomba lisiyumbe kwa upepo na tetemeko. Kwa bomba la kipenyo hiki upepo wa kPa 1 hautoi hata kN 2 kwenye kishikio kimoja, na hata ungekuwa na mashaka juu ya mgawo wa upepo, namba inabaki ndogo.

Tuliwaza pia kuachana na ukuta kabisa na kusimamisha nguzo ya chuma kando ya tangi. Ni njia safi, haigusi bamba hata kidogo, na ningeichagua bila kusita kama rangi ya ndani ya tangi ingekuwa haiwezi kurekebishwa. Hapa ilionekana kubwa kuliko haja.

Vishikio vikawa viwili badala ya sita. Cha chini kwenye mita 5, katikati ya mkanda wa tatu, na cha juu kwenye mita 11, katikati ya mkanda wa sita. Bomba la inchi 8 lenye maji likilala mlalo hushikiliwa kila mita 5.8 kwa kawaida, na likisimama wima halina uzito wa kulipinda, kwa hiyo mita 6 kati ya vishikio hazina shida. Kila kishikio ni fremu yenye vyuma vinne vinavyolizunguka bomba bila kulibana. Bomba linapanda na kushuka ndani yake. Mahali linapogusa fremu limevishwa bamba la kukinga mkwaruzo lenye urefu wa kutosha, ili mwisho wa bamba hilo usije kunasa kwenye fremu wakati bomba linapoteleza.

Nafasi ndani ya fremu ilijadiliwa kuliko kitu kingine chochote, na nafurahi ilijadiliwa. Kwenye mita 5 ukuta hutoka milimita 5.7 tangi likijaa. Kazi ilifanywa tangi likiwa tupu, kwa hiyo fremu ingesogea nje baadaye, na chuma chake cha upande wa tangi ndicho kingelikuta bomba. Nafasi ya milimita 8 iliachwa upande huo, na upande wa nje milimita 2 tu. Kama fremu ingewekwa tangi likiwa limejaa, mpangilio ungegeuzwa, kwa sababu tangi likimwagwa fremu ingerudi ndani na chuma cha nje ndicho kingelivuta bomba. Mchoro uliandikwa wazi kwamba vipimo ni vya tangi tupu. Bila maandishi hayo, fundi mwenye nia njema angegawa nafasi sawasawa pande zote mbili, na nusu ya kazi ingepotea. Kama nafasi isingeachwa kabisa, bomba lingeusukuma ukuta kwa karibu kN 3. Hazingevunja kitu siku hiyo, lakini zingerudi kila tangi linapojazwa na kumwagwa, kwenye weldi ileile. Kwenye mita 11 ukuta husogea chini ya milimita 1, hivyo fremu ya juu iliachiwa nafasi ndogo na ndiyo inayolituliza bomba hasa.

Mkono wa juu haukuunganishwa na tangi. Unavuka ukingo ukiwa na nafasi ya milimita 100 chini yake, na unaingia paani kupitia koti la bomba lenye kipenyo kikubwa kuliko lake, likifunikwa na kola ya mpira. Nafasi hiyo ya wima imepimwa kwa kubonyea kwa tangi, kurefuka kwa joto na kuinuka kwa tetemeko. Kwa tangi lisilofungwa kwa nanga na lisilo katika hatari kubwa ya kuinuka, kama hili, API 650 inataka mabomba yavumilie kuinuka kwa milimita 25. Matangi yanayoinuka zaidi hudaiwa milimita 100, na hapo mkono huu ungehitaji kuchorwa upya.

Kwenye ukuta wenyewe, breketi haikuchomelewa kwenye bamba la tangi. Kwanza liliwekwa bamba la kuimarisha la milimita 300 kwa 400, unene milimita 6, sawa na ukuta. Bamba nene zaidi linahamishia tatizo kwenye kingo zake, ambako ukuta mwembamba hukutana ghafla na kitu kigumu. Pembe zake zilizungushwa kwa milimita 50, na weldi ikaenda mfululizo pande zote. Weldi ya vipande vipande huacha nafasi maji yaingie nyuma ya bamba na kutu ile ukuta mahali ambapo hakuna jicho linalofika. Mkazo wa mzingo kwenye mkanda wa tatu, akiba ya kutu ikishaliwa, unafika karibu MPa 150 kati ya 160 zinazoruhusiwa. Ukuta huo hauna cha kupoteza kwa kutu iliyofichwa.

Mishono ya mlalo ilikuwa mbali, milimita 800 kila upande. Mshono wa wima ndio uliosumbua. Mchoro wa mabamba kama yalivyojengwa ulionyesha mshono wa wima wa mkanda wa tatu milimita 120 kutoka kwenye mstari wa bomba. Nusu ya upana wa bamba ni milimita 150, na umbali unaotakiwa ni 150 nyingine, kwa hiyo mstari ulipaswa kuwa angalau milimita 300 kutoka kwenye mshono. Bomba lote lilizungushwa milimita 400 kando ya tangi. Mishono ya mikanda hupishana, kwa hiyo ilibidi kuhakikisha kwamba mahali papya hapagongi mshono wa mkanda wa sita. Msingi wa bomba ulikuwa bado haujamwagwa zege. Kama ungekuwa umemwagwa, mabadiliko hayo madogo yangegeuka mzozo mrefu.

Lililobaki ni rangi ya ndani. Weldi upande mmoja wa bamba la milimita 6 huunguza rangi hiyo ya epoksi upande wa pili, hata mchomelea awe hodari kiasi gani. Kwa breketi sita zingekuwa sehemu sita za kusafisha na kupaka upya kutoka kwenye jukwaa la ndani. Zikawa mbili. Taratibu za kuingia kwenye nafasi iliyofungwa, hewa ya kutosha, muda wa epoksi kukauka na kipimo cha matundu madogo kwenye rangi viliingizwa kwenye ratiba kabla ya tarehe ya kujaza maji kupangwa. Weldi zote mbili zilipimwa nyufa kwa chembe za sumaku kabla ya rangi ya nje.

Katika ujazaji wa kwanza nafasi ndani ya fremu zipimwe tangi likiwa tupu, likiwa nusu na likiwa limejaa, na vipimo viandikwe kwenye faili la tangi pamoja na usawa wa msingi wa bomba. Kwenye mita 5, nafasi ya upande wa tangi inatarajiwa kushuka kutoka milimita 8 hadi kati ya 2 na 3. Ikigusa sifuri kabla maji hayajafika juu, ujazaji usimame, kwa kuwa ama fremu iliwekwa vibaya, ama msingi wa bomba umeinama kuelekea tangi, na sababu mbili hizo hurekebishwa kwa njia tofauti kabisa.